Acha kuandika "inaingia gari zote"

Wenzangu tunaouza mtandaoni, leo nataka kugombana na nyinyi kidogo, na nitaanza kwa kujigombeza mwenyewe.

Mimi nauza redio za gari, zile za kioo zenye Android, pamoja na spika na vikorokoro vyake. Duka langu dogo liko Chake, lakini wateja wengi nawapata WhatsApp na Instagram: Wete, Konde, Mkoani, mpaka Unguja. Ufundi sikuusomea. Nilimaliza skuli kidato cha nne, nikakaa kwa fundi mmoja nikimshikia tochi, mengine nikajifunza kwa kuunguza fyuzi. Na kwa miaka miwili kila tangazo langu lilikuwa na maneno haya: INAINGIA GARI ZOTE. Herufi kubwa, na vialama vya moto pembeni.

Na nyinyi mnaandika. Nawaona kwenye stetasi zenu.

Mwaka jana alinipigia mzee mmoja wa upande wa Konde, ana gari ndogo ya abiria. Alininunulia redio ya laki mbili na sitini, fundi wa huko huko akamfungia. Picha inang'aa, simu inaungana, kaswida za kwenye flashi zinapiga vizuri. Ila redio yenyewe haishiki. ZBC inakuja kama mtu anasema ndani ya mtungi, na akishuka bondeni inakufa kabisa. Radio Jamii Micheweni, ambayo kwake ni jirani, inapasuka-pasuka. Nikamjibu kama tunavyojibu sote: "Mzee, redio nimekupa nzima, muone fundi wako." Akamuona fundi. Fundi akasema redio mbovu. Akarudi kwangu, nikamwambia mali ikishafungwa hairudi.

Tukakaa hivyo wiki mbili. Siku moja akaja dukani mwenyewe. Hakuja kugomba. Akanieleza kwamba rafiki yake wa zamani, waliokuwa wakivua pamoja ujanani, amefariki kule Mkoani. Tangazo lilisomwa redioni mchana, na mzee wakati huo yuko barabarani, redio kaiwasha, anasikia mvumo tu. Habari alizipata kesho yake asubuhi kwa abiria, watu washazika. Simu hakupigiwa kwa sababu watoto wa marehemu hawakuwa na namba yake. Nyinyi mlioko bara labda hamjui, huku kwetu matangazo ya vifo ya redioni yana watu wake. Dereva akipandisha sauti, gari nzima inanyamaza.

Aliniambia neno moja tu: "Redio yako mwanangu ina picha nzuri."

Wallahi angenitukana ingeniuma kidogo kuliko vile.

Nikamrudishia pesa yake yote. Wakati ule nilikuwa na redio nyingine tatu zilizorudi kwa lawama hiyo hiyo ya kutoshika. Nikazifunga zote nne kwenye boksi, nikazipeleka Mkoani zipande boti mpaka Dar, na mtu wangu wa jumla nikamwandikia maneno makali kwamba kaniuzia mali feki. Baada ya siku chache akanitumia video nne. Redio zangu ziko juu ya meza yake, betri moja ya gari, nyuma kachomeka kipande cha waya, na zote zinashika vituo mpaka basi. Chini kaandika: "Dogo, antena za hizo gari uliziangalia?"

Sikuziangalia. Nauli ya kwenda na kurudi ikawa juu yangu, na mpaka leo yule bwana hanipi mali kwa mkopo.

Kile kipande cha waya ndicho kilichonifungua macho, kwa hiyo nakupa bure. FM ya kwetu inakaa kati ya 87.5 na 108. Ukichukua ya katikati, tuseme 100, wimbi lake lina urefu wa mita 3, na robo ya hapo ni sentimita 75. Sasa kata waya wa kawaida sentimita 75, uchune ncha moja, uichomeke kwenye tundu la katikati la antena nyuma ya redio. Ncha isiguse ubavu wa chuma wa lile tundu, maana ule ubavu ni nega. Waya mwingine uunyooshe, uutoe dirishani. Basi, hiyo ni antena. Vituo vikija safi, redio ni nzima na ugonjwa uko kwenye gari. Visipokuja, na gari ya jirani hapo hapo ulipo inashika, hapo ndiyo una haki ya kuishuku redio.

Kazi ya dakika tano. Mimi sikuijua, ikanigharimu boti mbili na heshima ya mtu.

Redio ziliporudi nikazitafuta zile gari nne, moja moja. Nilitaka nijue.

Ya mzee ndiyo ya kwanza. Toyota, juu haina fimbo ya antena, antena yake ni zile nyuzi nyembamba zilizochorwa kwenye kioo. Antena ya namna hii peke yake ni dhaifu, kwa hiyo kiwandani wameiwekea kikuza mawimbi, kidude kidogo kimejificha karibu na kioo. Kile kidude kinakula umeme wa volti 12, na umeme huo ulikuwa unatoka kwenye redio ya zamani. Ukiwasha redio, nacho kinaamka. Fundi alipotoa redio ya zamani na kuweka yangu, umeme ule ukakatika. Antena imechomekwa, kila kitu kimekaa mahali pake, ila kidude kimelala. Na kikilala, hakipitishi mawimbi vizuri hata yale machache yanayofika.

Dawa yake ni waya mmoja wa bluu. Nyuma ya redio hizi kuna waya wa bluu umeandikwa ANT, au AMP CON, inategemea redio. Mafundi wengi wanadhani ni wa amplifaya tu, na mteja asipokuwa na amplifaya wanauzungushia utepe wanauacha unaning'inia. Hata zile soketi za Toyota tunazouza pamoja na redio, nyingine pini hiyo haina kitu ndani. Nikaunganisha bluu ya redio na waya wa kile kidude. ZBC ikaingia kama mtu amekaa siti ya mbele.

Tahadhari hapa, maana nimeshaona mtu kafanya: usiutoe umeme huo moja kwa moja kwenye betri. Kidude kitakaa macho usiku kucha. Utoke kwenye redio, redio ikizimwa nacho kizimwe. Na wakati unafanya kazi usiuache ule waya wa bluu uguse bodi, utaunguza redio, na hapo kweli itakuwa mbovu.

Mzee nikamwambia kama anaitaka tena aichukue. Akasema niiache aisikilize wiki nzima ndipo alipe. Nikaiacha. Siku ya nne akatuma pesa.

Gari ya pili ilinisumbua zaidi, na hii kila muuzaji wa redio Tanzania nzima aijue, kwa sababu gari zetu nyingi ni zilizotumika Japani. Japani FM yao inaanzia 76. Zamani ilikuwa inaishia 90, baadaye wakaongeza mpaka 95. Yetu inafika 108. Kwa hiyo redio ya Kijapani ikifika huku inasikia kipande kidogo tu cha chini, vituo vingine vyote haivioni. Watu wakatafuta ujanja: kuna kiboksi kidogo, wengine wanakiita ekspanda, kinachomekwa katikati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kuteremsha masafa. Kiboksi cha 14, kwa mfano, kituo cha 100 kinakileta kwenye redio kama 86, na redio ya Kijapani inakisoma.

Ujanja mzuri kwa redio ile ya zamani. Sasa mteja anakuja anainunua redio yangu ya kioo, ambayo 108 inaifikia yenyewe. Fundi anaitoa ya zamani, anachomeka mpya, na kiboksi kinabaki ndani ya dashibodi. Hajui hata kama kipo. Kiboksi kikiwa bado kina umeme, vituo vinakuja kwa namba za uongo na vingine havionekani kabisa. Kikiwa kimekosa umeme kwa sababu kilifungwa kwenye waya wa redio ya zamani, mara nyingi mawimbi yanapita kwa shida na unabaki na mvumo. Mteja wangu huyu aliniandikia kwamba redio "imechanganyikiwa namba". Nikacheka. Nikadhani hajui kutumia. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananieleza ugonjwa wenyewe, na mimi mwenye duka sikuuelewa.

Nikapitisha mkono nyuma ya dashibodi, kiboksi hicho hapo, kimefungwa kwa utepe mweusi. Nikakitoa, antena nikaichomeka moja kwa moja kwenye redio. Kazi ikaisha.

Ya tatu ilinitia haya. Redio ilikuwa imewekwa mpangilio wa Marekani. Hizi redio za Android ndani yake unachagua eneo, na ukiweka Marekani inaruka kwa hatua za 0.2: 97.5, halafu 97.7. Kituo kikiwa kwenye 97.6 hakipati, kinakikosakosa pembeni. Weka Ulaya, maliza. Sehemu ya kubadilishia kwenye redio nyingi imefungwa kwa namba ya siri. Muulize aliyekuuzia wewe kabla hujamuuzia mteja, usingojee mpaka mtu yuko Kojani anakupigia jua linazama.

Ya nne ilikuwa kutu tu. Upepo wa bahari, antena ya fimbo, kitako chake juu ya bodi kimeliwa, nega haipo. Tukasugua kwa msasa, tukakaza. Siku hizi kabla ya yote namwambia mteja pia achomoe chaja ya simu kwenye kiberiti na azime taa za LED alizobadilisha, halafu asikilize. Mvumo ukipotea, mwizi ni chaja au taa, redio haihusiki. Chaja za buku mbili zinapiga kelele kwenye FM ajabu.

Redio nne, na hakuna hata moja iliyokuwa mbovu. Mimi nilikuwa nimeshawaita watu wawili wezi: fundi wa Konde kwa mdomo, mtu wa Dar kwa maandishi.

Sasa ugomvi wangu na nyinyi.

Najua mtasema: "Mimi nauza, sifungi. Akienda kwa fundi kanjanja inanihusu nini?" Nimeyasema hayo mwenyewe miaka miwili. Lakini soma tangazo lako. Umeandika inaingia gari zote. Hukuandika inaingia kwenye tundu la dashibodi. Mteja anasoma kwamba atatoa redio yake, ataweka yako, na maisha yataendelea kama kawaida ila kwa kioo kikubwa. Hakununua kioo na plastiki. Wewe ndiye uliyemwambia mambo ni rahisi, na yeye kwa maneno yako akaenda kwa fundi yeyote wa karibu, maana kitu rahisi kinahitaji fundi gani? Ungemwambia "uliza antena yako kwanza," angetafuta fundi wa kweli, au angekupigia simu wewe yule fundi akiwa kashika waya.

Wapo watakaosema ukimuuliza mteja maswali mengi anakimbia, anakwenda kwa anayesema "lipa nikutumie." Ni kweli, wengine wanakimbia. Mimi nimepoteza oda hivyo, sitakudanganya. Lakini hesabu nawe. Adapta ya antena yenye waya wa umeme naipata kwa elfu chache. Redio moja ikirudi inakula nauli, siku zako, na mteja aliyesimama kibandani anasimulia kijiji kizima. Huku kisiwani hatuna wateja milioni. Ukimkera mtu wa Konde, habari zako zinafika Micheweni kabla gari haijageuza.

Na jambo jingine tulikubali: ile "mali ikishafungwa hairudi" inamwonea mtu hasa kwenye bidhaa hii. Redio ya gari haiwezi kujulikana kama inashika mpaka ifungwe. Unamwambiaje mtu asirudishe kitu ambacho njia pekee ya kukijaribu ni kile ulichomkataza? Ni sawa na kuuza viatu halafu useme ukishavaa sipokei.

Simaanishi upokee kila kitu. Fundi akikata soketi akaunganisha waya kwa kubahatisha, redio ikaungua, siipokei, na nasema hivyo mapema. Na kuna mahali hata redio ya kiwandani haitashika vizuri, kisiwa chetu ni vilima na mabonde na FM haipendi kujificha nyuma ya kilima. Hilo nalo nalisema kabla ya pesa. Mteja akisema haishiki, swali langu la kwanza ni: uko wapi, na gari iliyo pembeni yako inashika?

Ninavyofanya sasa ni hivi. Kabla sijatoa namba ya malipo nauliza gari gani, antena ni fimbo au iko kwenye kioo, na naomba picha mbili: moja ya antena, moja ya nyuma ya redio ya zamani ikiwa imetolewa. Hiyo ya pili ndiyo muhimu, naona plagi ya antena ni ile ya duara au ya mraba, na naona kama kuna kiboksi. Anayeshindwa kuitoa redio namwambia ampe fundi simu. Fundi nazungumza naye kwa adabu, simfundishi kazi, namuuliza tu: "Fundi wangu, bluu umeipeleka wapi?" Wengi wanacheka, wanasema ngoja.

Halafu kabla ya kufunga boksi naiwasha redio kwa betri dukani, nachomeka waya wangu wa sentimita 75, narekodi video inashika kituo huku namba ya redio inaonekana, namtumia mteja. Mpaka sasa video hiyo imenimalizia ugomvi mwingi kuliko maneno yoyote niliyowahi kuandika. Na ule waya natia ndani ya boksi. Ni waya tu, haunigharimu kitu, na mtu akinipigia kwamba haishiki namwambia afungue mfuko mdogo.

Mtu wa Dar nilimwomba radhi kwa sauti, sio kwa maandishi. Alijibu kwa dole gumba. Mkopo bado.

Tangazo langu jipya mtaliona ukurasani, na anayetaka kulichukua alichukue kama lilivyo, hata neno asibadilishe:

"Redio ya kioo, inchi 9. Nitumie picha ya antena ya gari yako kwanza, nikwambie kama itashika. Ikihitaji adapta naitia mimi. Video ya majaribio utaipata kabla ya kutumiwa. Fundi wako akikwama anipigie, hata usiku."